Tukitawanyika, Tukutane Kwenye Basini

Kasongo, 3 Machi 2024

Baba Chimène,

Wanataka kulibomoa basini letu, lile bwawa kavu la saruji la Wabelgiji pale bustanini. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitakuwa nimelia kabla ya kufika kwenye habari yenyewe, na karatasi aliyonipa jirani yangu Véronique ni moja tu.

Nilikuwa nimekaa mahali pangu pa siku zote, ukingoni mwa basini, nageuza mikate kwenye mafuta. Wakaja wanaume na kamba ndefu na vijiti vyenye rangi. Nikadhani wanapima kaburi la mkubwa fulani. Kumbe wanapima kiwanja cha mpira. Bustani yote ya mji itakuwa kiwanja, tena si cha udongo, ni cha nyasi za plastiki. Ndiyo, plastiki, kama ndoo. Kuna shirika limekubali kuzileta kutoka Ulaya, na mji umeunda komite. Prezida wake ni Djamali, yule mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Injinia ni kijana wa Kindu, anaitwa Ismaël, mwenye adabu, alikula mikate yangu na hakuomba nyongeza.

Djamali akaniambia, "Mama, hii basini inakusaidia nini? Hata maji haina. Uhamie kule sokoni."

Nikamjibu mbele ya watu wote. "Kwetu Wamaza kila nyumba iko na pahali ya kukutania. Mutoto akiisha kujua jina yake, tunamufundisha na ile pahali. Siku watu wa bunduki waliingia, kila mutu alikimbia njia yake. Mume wangu alibeba mutoto mudogo, miye nilibeba sufuria kama mujinga, na ule mukubwa, Chimène, akapotea kati yetu. Tulimufundisha: tukitawanyika, tukutane kwenye basini ya Kasongo. Sasa iko miaka mbili. Mukiitosha, mukiivunja, mutoto atanikuta wapi?"

Kisha Djamali akasema nibandike tangazo kwenye ukuta. Tangazo! Mtoto anayekimbia hasomi kuta, anatafuta kile alichofundishwa. Sikumwambia ni kwa nini tulilichagua hilo basini, hayamhusu. Wewe unakumbuka. Chimène alikuwa na surua, tukamleta hospitali, na siku ya kutoka akaingia mle ndani ya saruji kavu akadhani ni mtumbwi, akapiga makasia kwa mwiko wangu, akakataa kushuka mpaka ukamwahidi muwa. Ni mahali pekee pa Kasongo alipopajua kwa hakika.

Simu yako ni ya kumulika choo tu tangu mnara wa kwenu uchomwe, basi nijibu kwa mkono wa Assani, pikipiki yake inarudi huku kila baada ya siku chache. Niambie nifanye nini. Ninaogopa, Célestin, na unajua mimi si mtu wa kusema hivyo.

Mkeo,
Régina


Wamaza, 14 Machi 2024

Mama Chimène,

Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya mikate. Mdogo wetu Deborah ameinusa kabla sijaisoma, akasema, "Mama iko hapa." Ndipo nikaona amekonda kiasi gani, kwa sababu mkono ulioshika karatasi ulikuwa mwembamba kuliko fimbo yangu.

Sikukuambia mapema. Homa inamshika jioni, asubuhi inamwachia, jioni inarudi. Nimempeleka kituo cha afya, wamempa vidonge. Usingizini anamwita dada yake, anamjibu kana kwamba ameulizwa jambo. Baba mkubwa Bulaimu anakuja kukaa nasi kila siku. Hasemi sana. Jana alisema hivi: "Célestin, mutu aliyekufa bila kuliliwa anatembea. Anatembea, anachoka, anakuja kutafuta mwenzake wa kumusindikiza." Akamtazama Deborah.

Mpunga umekomaa na ndege wanavuna kuliko sisi. Rudi nyumbani. Wachimbaji wote wanaopita hapa kwenda Lusangi nawauliza habari za mtoto, na wote wananijibu wameona wasichana wengi. Umekaa kwenye saruji ile miaka miwili. Je, kama Mungu alikwisha kumpumzisha?

Nimeandika neno hilo na nimelitazama muda mrefu. Usinikasirikie.

Ni mimi,
Célestin


Kasongo, 27 Machi 2024

Baba Chimène,

Nimekukasirikia. Sasa tuendelee.

Mgonjwa hupelekwa kwa muuguzi, si kwa Bulaimu. Bulaimu hajaponya hata kuku. Mpe Deborah maji ya mchele yenye chumvi kidogo, mlaze ndani ya chandarua, na vidonge avimalize hata akisema amepona. Ningekuja leo hii. Lakini nikiondoka hapa siku moja, siku hiyo hiyo watapiga nyundo. Naomba usinifanye nichague, kwa sababu usiku nalala nikichagua na asubuhi naamka sijamaliza.

Jumapili komite iliita mkutano wa watu wote, chini ya turubali, pale bustanini. Ismaël alileta kipande cha zile nyasi, ukubwa wa mkeka wa kuswalia, tukakipitisha mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Chini ni cheusi, juu ni kijani kibichi mno, kijani kisichojua kiangazi. Mzee mmoja akauliza, "Na mbuzi ikikula hii?" Ismaël akamjibu, "Baba, haitaikula, haiko na utamu." Mzee akasema, "Basi iko majani gani?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikajichukia.

Alieleza vizuri. Chini wataweka kokoto ili maji ya mvua yashuke, juu yake nyasi, na katikati ya nyasi vipunje vya mpira mweusi ili mtoto akianguka asichubuke. Watoto wanacheza kwenye tope na chupa zilizovunjika, hilo ni kweli, nimewafunga vidonda kwa mikono yangu. Siwachukii watoto wa Kasongo. Chimène mwenyewe alivunja dirisha la mwalimu kwa mpira wa matambara.

Nikasimama nikauliza kwa nini kiwanja kisisogee. Ismaël akasema lazima kilale kaskazini na kusini: "Mama, tukikigeuza, golikipa, jua itamupiga mu macho." Nikamwambia, "Golikipa avae kofia." Wakacheka tena. Nilikuwa sichekeshi. Upande wa pili kuna korongo, kila mvua inakula udongo wake. Djamali akakasirika, akasema mji mzima hauwezi kumngoja mtoto mmoja.

Nikamwambia, "Mupe jina, Prezida. Anaitwa Chimène." Hakulitaja. Lakini Ismaël alikunja ramani yake akaniambia ataitazama tena. Nashikilia neno hilo kama mtu anayeshikilia jani mtoni.

Mbusu Deborah.
Régina


Wamaza, 8 Aprili 2024

Mama Chimène,

Tumepata barua. Deborah amekunywa maji ya mchele, amekaa nayo kidogo, kisha yametoka. Ngozi yake inachoma mkono.

Nina ombi. Kile kikwembe cha Chimène cha njano chenye ndege, kile ulichokuwa umefungia sufuria siku ile, nitumie kwa mkono wa Assani. Mtoto anasikia baridi, na anataka kitu cha dada yake.

Jumamosi tarehe 27 ukoo utakuwa na kazi hapa nyumbani. Ni kazi ndogo. Usihangaike kuja, barabara imeharibika na kuna vizuizi viwili vipya. Endelea na mambo yako ya huko.

Nakuombea kila siku. Nawe niombee mimi.

Célestin


Kasongo, 18 Aprili 2024

Baba Chimène,

Tumeshinda! Kaa chini kabla hujasoma, ama simama, fanya unavyotaka, tumeshinda!

Ismaël amekuja na ramani mpya. Amekisogeza kiwanja kuelekea kusini, amepunguza sehemu ya watazamaji, na basini linabaki. Litakuwa nyuma ya goli la kaskazini. Amelichora kwa duara na kuandika neno "basini" kwa mkono wake. Djamali ametia sahihi huku amekunja uso kama mtu anayemeza dawa, lakini ametia. Nikamwambia, "Prezida, Mungu akuzidishie vitambaa." Akacheka bila kutaka.

Nimelifagia ndani na nje. Nimetoa majani ya miaka yote. Chimène akija, atakuta watu wanashangilia magoli na mama yake anauza mikate nyuma ya golikipa. Atanisuta sana. Atasema, mama, hata kupotea kwangu umekufanyia biashara.

Kikwembe hiki hapa. Nimekaa nacho uso wangu ndani yake kabla ya kumpa Assani. Mfunike Deborah vizuri, mpaka shingoni, na mwambie asikifue. Bado kina harufu ya dada yake kwenye pindo.

Kazi ya ukoo ikiisha na mtoto akipata nguvu, mlete huku. Sasa naweza kulala.

Régina wako


Kasongo, 6 Mei 2024

Célestin,

Assani amefika leo, ameshuka kwenye pikipiki, amevua kofia. "Pole, Mama." Nikamuuliza pole ya nini. "Ya Chimène. Hata miye nilikula kwa matanga. Watu waliuliza, mama yake iko wapi?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Sijui ulikwenda wapi.

Akanieleza yote: mmezika mgomba badala ya mwili. Mmekata mgomba wa urefu wa binti yangu, mkauvisha kikwembe chake, mkauimbia, mkaufukia. Na kikwembe nilikituma mimi! Nilikukunjia mimi, nikakuandikia umfunike vizuri mpaka shingoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe utaikunja na kuituma.

Hukunidanganya kwa neno hata moja, nimezisoma barua zako upya. Kazi ndogo. Mtoto anasikia baridi. Wewe mwanamume mpole, mpole wa kuua.

Habari hapa haikai. Kabla ya adhuhuri Djamali alikuwa amekuja na wake zake wawili kunipa pole, na hakuja kwa ubaya, nakiri. Akasimama karibu na basini akasema taratibu, "Mama Chimène, mutoto muliisha kumulilia. Basini iko ya nini tena?"

Nilitafuta jibu, Célestin. Miaka miwili sijakosa jibu katika bustani hii. Nililitafuta nikaona baba yake mwenyewe ameshanijibia.

Nikawaambia wabomoe. Ismaël akaniuliza mara ya pili, nikamwambia wabomoe, wafanye uwanja wao mpana kama walivyoutaka mwanzo. Saruji ya Wabelgiji ni ngumu. Wamepiga nyundo mpaka jioni, nami nimekaa nikitazama kila kipande kikitoka. Walipomaliza, Ismaël alinipa kile kipande cha nyasi cha kuonyeshea. Sijui alidhani nitakifanyia nini. Nadhani hakuwa na kitu kingine mkononi.

Usiniandikie.
R.


Wamaza, 16 Mei 2024

Mama Chimène,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia.

Deborah ameamka. Siku ya tatu baada ya matanga homa ilimwachia, akaomba mboga ya sombe, akala, akalala, akaamka akaomba tena. Leo amefukuza ndege shambani. Sijui ni vidonge, sijui ni matanga, sitajua kamwe. Alikuwa amefikia hatua ya kutonijua. Bulaimu na wazee walikuwa uani, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja mikononi na mwingine sijui wapi. Ningekuomba ruhusa ungekataa, na ungekuwa na haki. Ndiyo maana sikukuomba. Sina utetezi mwingine.

Wakati wanafukia nilitaka kusema, ngojeni.

Na kuna jambo lingine, ulijue. Bulaimu ameweka neno la ukoo mlangoni petu: aliyekwisha kuliliwa asipite tena mlango wa nyumba, akipita amekuja kuchukua mwingine. Watu wote wamelisikia. Niliitika kwa sababu niliona hakuna tena wa kupita.

Nimesikitika sana kwa ajili ya basini. Nalikumbuka, na ule muwa pia.

Célestin


Lusangi, 23 Juni 2024
Kwa Mama Régina wa Wamaza, kwenye basini, bustani ya mji, Kasongo

Mama yangu mpendwa,

Ni mimi Chimène. Usiogope, mimi si mzimu, nina njaa na mgongo unaniuma.

Naandika bila kujua kama uko pale. Siku ile watu wa bunduki walinikamata njiani wanibebeshe mizigo. Nilikaa nao msituni muda mrefu, mambo ya huko sitayaandika. Nilipotoroka nilikuwa na mimba. Nikafika hapa kwenye machimbo ya Lusangi, nikapata kazi ya kupika chai ya wachimbaji. Nilizaa msichana. Nimemwita Régina, jina lako, ili niwe nakuita mara nyingi kwa siku.

Nilitaka kuja kwenye basini, Mama. Kila siku nilitaka. Kwanza nilingoja tumbo lishuke, nikaona aibu ya Baba. Kisha nikangoja mtoto akaze shingo. Nilituma neno kwa wafanyabiashara mara mbili, naona halikufika. Mwezi wa tano nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wangu.

Ndipo akaja Jeannette wa kwetu, yule anayeuza unga. Aliponiona aliangusha kikapu chote. "Yesu wangu! Chimène! Tulikuzika! Nilikula mbuzi yako!" Akakimbia, Mama. Nilimkimbilia nikimwita, naye akazidi kukimbia, wachimbaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Aliponiruhusu kumsogelea, alisimama mbali akanieleza yote. Mgomba, kikwembe changu cha ndege, na Deborah aliyekuwa anakufa na akapona baada ya mimi kuzikwa. Na neno la mlangoni.

Alisema pia kwamba huko Kasongo wanajenga kiwanja cha plastiki juu ya bustani, na mama mwenyewe amewaambia wavunje. Hilo sikulisadiki. Ndiyo maana naliandikia basini barua hii.

Kama ni kweli, nimeelewa. Sikasiriki. Deborah aishi. Nikipita mlangoni nikamwua, nitakuwa nimerudi kwa faida gani? Mniache nilipozikwa. Kesho naondoka hapa na wanawake wengine, tunafuata chimbo jipya, sijui jina lake.

Nilitaka tu ujue kwamba sikusahau mahali. Nilipajua siku zote.

Binti yako,
Chimène


Kasongo, 14 Julai 2024

Célestin,

Yu hai.

Soma barua niliyofunga pamoja na hii. Kaa chini kwanza, safari hii kaa kweli.

Imechelewa wiki tatu. Mwenye pikipiki aliyeileta alizunguka mji akiuliza basini iko wapi, watu wakamjibu hakuna basini Kasongo. Akarudi nayo Lusangi, hakumkuta tena, akaileta mara ya pili. Ismaël ndiye aliyemsikia akiuliza. Alinijia mbio, karatasi mkononi.

Amesoma neno letu la mwisho kama mlango uliofungwa. Mimi na wewe tumeufunga, kila mmoja upande wake, wewe kwa mgomba na mimi kwa nyundo. Maskini mwanangu anasema hakasiriki! Angekasirika ningepumua.

Na kiwanja hakipo. Nyasi zimekwama na malori kwenye tope upande wa Kabambare, shirika na komite wanarushiana maneno, na hapa ni udongo mwekundu mtupu umesawazishwa. Tumelivunja kwa ajili ya hewa.

Wewe utafanya nini na ule mlango? Sikuulizi kwa hasira. Nauliza kwa sababu una Deborah, na Deborah anaishi, na ninajua unavyoogopa. Mimi pia naogopa. Nijibu.

Régina


Wamaza, 22 Julai 2024

Mke wangu,

Nilisoma nimekaa, kisha nikaanguka hata hivyo.

Nilimsomea Deborah yote, na neno la mlangoni nikamwambia, kwa sababu shingo inayowekwa hatarini ni yake. Alifikiri. Akasema, "Baba, kama hakuna mulango, atapita wapi mulangoni?"

Basi nimeung'oa. Deborah alishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Tumetoa mlango na miimo yake, kisha nikachukua jembe nikaangusha ukuta wote wa mbele. Bulaimu alikuja mbio, akasimama uani. "Célestin, unaingiza kifo mu nyumba!" Nikamwambia, "Baba mukubwa, kifo tulikiisha kukiingiza, tukakipikia na mbuzi." Nimemwambia mzee hivyo. Deborah akikohoa nasimama.

Nimeufukua mgomba pia. Umeoza. Kikwembe kimeoza upande mmoja, upande wa pili bado ni wa njano na ndege watatu wamebaki. Nimekifua kwa maji ya moto na ndimu. Nakutumia. Kinatosha kumbebea mtoto mchanga.

Mimi nazunguka machimbo, nimeanza na yale ya mtoni. Mwandikie, toa nakala nyingi. Mwambie nyumba yetu imebaki na pande tatu, aingie apendapo.

Célestin


Kasongo, 4 Agosti 2024
Kwa Chimène binti Célestin wa Wamaza, popote alipo kwenye machimbo
Mchukuzi, ukikuta msichana mwenye mtoto anayeitwa Régina, simama

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara nyingi, Véronique amenisaidia mpaka vidole vikamwuma, na kila mwenye pikipiki anayetoka hapa anaondoka na moja. Usishangae ukiletewa mbili. Ukiletewa kumi, jua mama yako ni yule yule.

Ni kweli niliwaambia wavunje. Nilikuwa nimeambiwa umezikwa, na uchungu ukanitangulia mdomoni. Hukufanya kosa lolote, wala kwa mimba, wala kwa kuchelewa. Baba yako hana aibu nawe. Baba yako anatembea chimbo hadi chimbo na miguu imemvimba, anawaonyesha watu urefu wako kwa mkono, na nina wasiwasi anauonyesha wa miaka miwili iliyopita.

Nyumbani hakuna mlango. Ameung'oa yeye na Deborah, na ukuta wa mbele wameuangusha. Mvua ikinyesha wanalala jikoni. Hakuna mlango wa kupita, kwa hiyo hakuna neno juu yako. Deborah ndiye aliyelisema hilo, na Deborah ni mzima. Anakungoja ukamsute kwa kuvaa viatu vyako.

Sasa sikia vizuri, kama ulipokuwa mdogo. Tukitawanyika, tunakutana kwenye basini. Basini halipo. Ukifika bustanini utakuta udongo mwekundu umelala wazi, na vijiti vya komite pembeni. Usigeuke. Tazama upande wa kaskazini. Utaona kipande kimoja cha kijani, ukubwa wa mkeka wa kuswalia, kijani mno, pale pale ulipopiga makasia. Ni nyasi za plastiki. Mimi nimekaa juu yake na mikate yangu. Mchana zinapata moto zinaniunguza, jioni zinapoa. Djamali alikuja kuniambia malori yakinasuka nitapisha, nikamwambia kwanza yanasuke. Kesho yake alirudi na mwavuli wa duka lake, akauchomeka ardhini nyuma yangu, akaenda zake.

Kikwembe chako cha ndege ninacho. Kimebaki nusu, ni cha kumfunga Régina mdogo mgongoni. Nimesikia ana jina langu. Mwambie mwenye jina amekaa, hajahama.

Njoo, Chimène. Hata ukiamua hutaki kurudi Wamaza, pitia hapa kwanza. Ule mwiko uliopigia makasia niliupata.

Mama yako,
Régina